Mtani Aliyemtaka Bijou

Nilikuwa macho, sikuwa mgonjwa, na mdomoni mwangu hakukuwa na pombe. Nayasema haya mapema kwa sababu kila ninapoanza kusimulia hapakosi mtu wa kunitazama kwa jicho lile la kusema, mama huyu jua limempiga. Jua halikunipiga. Lilikuwa hata linakaribia kuzama. Kama hutaki kuniamini, shauri yako, lakini nisikilize mpaka mwisho kwanza, halafu nenda ukabishe kwa watu wengine, si mbele yangu.

Mi nauza michopo. Kwa asiyejua, ni nyama ya mbuzi ya kuchoma, tunaikatakata na kuileta mezani na kitunguu na pilipili, na ukitaka bukari, yaani ugali, nao upo. Kibanda changu kiko Kapata, ile cité, mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa kampuni ya madini, nje kidogo ya Kolwezi, ambako nyumba zimepangwa mistari mistari na zote zinafanana, mpaka mlevi anaweza kuingia kwa jirani na kuvua viatu kabla hajagundua. Mume wangu alifanya kazi kwenye kampuni, ndiyo maana tulipata nyumba. Amekufa. Watoto wako Likasi na Lubumbashi, wananipigia simu Jumapili wakikumbuka. Nyumbani tulibaki mi na Bijou.

Bijou alikuwa mbwa wangu. Jike, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na lingine limelala. Mume wangu alimleta angali mdogo wa kuingia mfukoni mwa koti, akaniambia shika, huyu njo mutoto ya mwisho. Mume wangu alipokufa watu walilia, wakala, wakarudi kwao. Bijou alibaki mlangoni akimngoja, hali chakula, mpaka mbavu zikatoka, na mi ndiye niliyemlisha kwa mkono kama mtoto. Nilimpenda mbwa yule, sioni haya kusema. Kanisani walinisengenya sana, eti mama yule anampa mbwa nyama na watu wana njaa. Nyama yangu, mbwa wangu, wao walitaka nini?

Na mbuzi je? Mbuzi nawatoa Lubudi, kwenye mashamba kando ya reli. Wanakuja juu ya lori, wamefungwa miguu, wamelala juu ya magunia ya mahindi, wanalia njia nzima. Nawafunga nyuma ya kibanda, na siku ya kuchinja nachinja mwenyewe. Mkono wangu ulikuwa hautetemeki. Nikimaliza nanawa, nakunywa chai yangu. Usinitazame hivyo. Wewe unayekula, unafikiri nyama inaota juu ya mti?

Hapa lazima nieleze jambo moja, la sivyo hutaelewa kitu. Kwetu kila mtu ana ukoo wake, na koo nyingi zina majina ya wanyama. Mi ni wa ukoo wa Mbuzi. Ndiyo, cheka tu. Bibi yangu hakuonja nyama ya mbuzi mpaka anaingia kaburini, na mi nimewachoma mpaka moshi umehamia kwenye nywele zangu. Sasa, watani wetu ni ukoo wa Chui. Chui anakula mbuzi, na mbuzi hana pa kumshtaki. Kwa hiyo mtu wa ukoo wa Chui anaweza kuja kwako, hamjuani hata kidogo, akakutukana wewe na mama yako aliyekuzaa, akabeba sufuria jikoni, akasema hii ni yangu, na wewe unatakiwa ucheke. Kukasirika ni mwiko. Kumnyima ni mwiko zaidi, na ukishatamka kwamba umempa, umempa. Kama kile alichoshika unakipenda sana, unakikomboa: unampa kitu kingine badala yake, mnacheka, mnaachana kwa amani. Kwenye kilio cha mume wangu watani walikaa mlangoni wakazuia jeneza lisitoke mpaka wapewe bia. Tulicheka huku tunalia. Ni desturi nzuri, mi naipenda, na ndiyo iliyoniponza.

Ilikuwa kiangazi, mwezi wa saba, baridi asubuhi na vumbi mchana kutwa. Malori yanayokwenda Kingamyambo, kule wanakoosha upya mabaki ya madini ya zamani, yanapita mbele ya kibanda changu, na kila linalopita linatumwagia unga mwekundu. Mwezi huo kila kitu Kapata kina rangi hiyo, majani, kuta, hata kope za watu. Unafuta meza, ukimaliza upande huu, upande ule unaanza upya.

Jioni ile wateja walikuwa wameshaondoka. Alibaki kijana mmoja, creuseur, yaani mchimbaji wa mikono, hawa vijana wanaotoka kila kona ya Kongo kuja kuchimba shaba na cobalt. Alikuja mchana na chupa yake ya lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, akala nyama kidogo, akajinyoosha kwenye benchi na mabuti yake ya matope, akalala. Na kukoroma! Mi nachukia mtu anayekoroma kibandani kwangu, wapita njia wanafikiri ni mahali pa walevi. Nilimsukuma, akageuka upande wa pili, akaendelea palepale alipoachia. Jina lake sikulijua na sikuliuliza. Vijana wale wanakuja na kuondoka, leo unamwona huyu, kesho unasikia shimo limebomoka, na mwingine amekaa kwenye benchi lile lile anaomba chumvi.

Nikawa nafuta meza. Nikainua kichwa, mtu amekaa.

Sikumsikia akija. Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, amevaa suti ya kahawia ya mtindo wa makarani wa zamani, na viatu vyeupe. Vyeupe kabisa! Mi nilimtazama miguu kwanza, maana Kapata mwezi wa saba hata padri viatu vyake ni vyekundu. Nikasema moyoni, huyu ameshuka kwenye gari sasa hivi. Gari lenyewe sikuliona.

Bijou alikuwa chini ya meza, mahali pake. Huyu Bijou, mgeni akikohoa tu barabarani, anabweka mpaka majirani wanatukana. Siku ile hakubweka. Nilihisi mwili wake umenigandamia mguuni, unatetemeka. Na mbuzi nyuma ya kibanda, waliokuwa wanalia tangu mchana, wakanyamaza wote. Niliyaona hayo, niamini, lakini kuona ni kitu kimoja na kutia akilini ni kingine.

"Jambo, mama," akasema. "Unachomaka bandugu yako, na hauone haya?"

Nikashtuka, kisha nikacheka. Nani angejua ukoo wangu kama si mtani?

"Na weye ni wa ukoo gani, tata?"

"Wa Chui. Leta bale bandugu yako hapa, niko na njala."

"Aka! Chui muzee vile, meno iko? Ao nikukatie kidogo-kidogo sawa mutoto?"

Tukaendelea namna hiyo. Aliniambia nina ndevu za mbuzi, nikamwambia viatu vyake ni vya kwendea harusi ya mwanamke aliyemkataa. Alikula sahani, akataka nyingine, akala na hiyo. Mi nacheka mpaka machozi. Nilikuwa na hamu ya kucheka, sitaki kudanganya. Tangu tuzike sikuwa nimekutana na mtani mwenye ulimi kama ule.

Alipomaliza akapangusa mikono, akainama, akachungulia chini ya meza.

"Sasa uniletee ile ingine."

"Ingine gani?"

"Ile nyama iko chini ya meza."

Nikacheka tena. "Ile haiko nyama, tata. Ile ni Bijou."

"Iko na damu?"

"Iko nayo."

"Iko na mafuta?"

"Eeh, namulishaka muzuri."

"Basi ni nyama. Sababu gani mbuzi iko juu ya moto, na hii iko chini ya meza?"

Mi si mtu wa kushindwa kwa maneno, muulize yeyote Kapata. Nikamwambia mbwa analinda nyumba. Akasema sawa, na tangu bwana yako anakufa ni nani anakulisha? Yule anafukuza mwizi na yule anafukuza njala, mukubwa ni nani?

Nikamwambia mbwa ana akili. Akaniuliza ni nani juzi alifungua komeo la lango kwa ulimi, akatoka na wenzake, nikawafuata hadi kwenye reli nikiwa na kandambili mguu mmoja. Ni kweli, alikuwa mbuzi mmoja mweusi, na kwa hasira nilimchinja kesho yake. Lakini huyu mtu alijuaje? Sikujiuliza. Ukiwa ndani ya utani hujiulizi, unatafuta jibu la kumshinda mwenzako.

Nikamwambia Bijou analia nikiondoka nyumbani. Akageuza kichwa upande wa mbuzi.

"Na bale mbuzi juu ya lori," akasema, "bale balikuwa banaimba?"

Hapo nikatoa lile jibu ambalo sote tunalitoa. Nikamwambia ni dunia nzima iko hivyo, si mi peke yangu. Kwenye makampuni mbwa wa walinzi wana daktari wao, na panya wa ghala anawekewa sumu. Wazungu wanalilia tembo kwenye televisheni, na mezani wamewekewa ng'ombe. Sisi tunamcheka anayekula mbwa, na yeye anamcheka anayekula panya wa porini, halafu jioni wote tunakutana kwenye sahani moja ya viwavi. Nani alipanga? Hakuna aliyepanga.

"Bijou iko na jina," nikamwambia. "Mbuzi haina jina. Njo vile tu, tata, usinichoshe."

Hakucheka. Ndipo nilipoona kwamba ameacha kucheka kitambo.

"Njo vile," akasema polepole. "Mwenye hana jina, banaweza kumukula."

Kisha akanyoosha mkono, akashika kamba ya Bijou. "Mi nabeba hii."

Mkono wake uligusa wangu. Ulikuwa wa baridi, kama umetumbukiza mkono kisimani. Bijou hakulia. Alijikojolea, akanitazama.

Na mi nikafanya kosa ambalo mtoto wa kwetu wa miaka sita hafanyi: nikamkasirikia mtani. Ningecheka tu. Ningesema, mutani, niachie hii, beba sufuria, beba meza, na yangeisha hapo. Lakini niliona kamba ya Bijou kwenye mkono wa mtu, nikaona anavutwa. Nikapiga meza kwa kisu. Maneno niliyosema nayakumbuka yote, nayasikia mpaka leo nikiwa napika, nikiwa naoga, nikiwa kwenye misa.

"Acha imbwa yangu! Ukitaka roho, beba roho yoyote unaona hapa, yote nakupa, mi sijali! Bijou tu apana!"

"Yote?"

"Yote!"

"Unanipa?"

"Nimekupa! Beba, uende!"

Akaiachia kamba. Akasimama, akanyoosha koti lake. Nikapumua. Nilijua anakwenda nyuma kwa mbuzi, na mbuzi nilishawaaga moyoni, hasara basi. Kulikuwa na kuku pia, wanadonoa kando ya karai la mkaa. Akawapita kuku, hakuwatazama. Akafika kwenye kona ya kibanda, pale ambapo ukigeuka unaingia kwa mbuzi. Hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi.

Nikuulize: wewe ungekuwa umemkumbuka? Usijibu haraka. Kijana alikuwa anakoroma karibu yangu, jioni nzima namsikia, jioni nzima ananikera, na niliposema roho yoyote, haki ya Mungu, hakuwemo. Si kwamba nilimtoa kwa kusudi. Hakuwemo tu. Mbuzi walikuwemo, kuku walikuwemo, hata paka wa jirani aliyelala juu ya bati alinipitia kichwani, nikasema maskini. Kijana hakunipitia.

Yule mtu aliinama, akaweka kiganja juu ya kifua cha kijana, taratibu, kama mama anayegusa unga kuona umeumuka. Kukoroma kukakatika katikati ya pumzi.

Nilijua. Kama unavyojua taa imezimika ukiwa umefumba macho, nilijua.

"Mama wee! Tata, yule apana!"

"Ulisha kunipa."

"Yule ni muntu!"

"Jina yake nani?"

Nilimuuzia nyama, nilimsukuma bega, nilimlaani kwa ajili ya matope. Jina sikuwa nalo.

"Ni mutoto ya bantu," nikasema.

"Hata ile mbuzi nyeusi ilikuwa mutoto ya mbuzi."

Nikakumbuka desturi. Nikapiga magoti kwenye vumbi, mi ambaye hata kanisani goti langu linakataa, nikamwambia: "Mutani, namukomboa. Nakupa mbuzi yote, beba yote, hata moja usiniachie."

"Mbuzi ulisha kunipa."

"Nakupa kuku."

"Ulisha kunipa."

"Basi nibebe miye!"

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniogopesha kuliko mengine yote.

"Mama, weye na weye ulisha kujipa. Ulisema yote yenye naona hapa. Ni miye tu nilichagua huyu." Mkono wake ulikuwa bado pale kifuani. "Kunabakia kitu moja tu yenye haukunipa."

Sihitaji kukuambia ni kitu gani.

Sasa ukweli wenyewe, na ukiniona mbaya, nione. Nilisita. Watu wakifika hapa wananiambia, ah mama, mbwa na mtu, nani anasita? Njoo usimame pale! Mmoja simjui, ameniletea matope na kelele. Mwingine amelala mlangoni kwangu tangu nilipokuwa mjane, anajua sauti ya funguo zangu. Moyo wangu haukusema mtu. Moyo wangu ulisema Bijou, waziwazi, na uliendelea kusema. Nikawa namtazama kijana, midomo inabadilika rangi, na mi bado niko magotini nasikiliza moyo wangu.

Kisha nikaona buti lake la kushoto. Halikuwa na kamba. Alikuwa amelifunga kwa waya, na ule waya ameukunja vizuri, ncha zimeingizwa ndani ili zisimchane mguu. Sijui kwa nini waya ule. Nilifikiri tu kwamba asubuhi ile alikaa mahali fulani, akaukunja kwa uangalifu, kwa sababu alitaka kurudi jioni na mguu mzima. Nikasimama.

Nikainama chini ya meza. Bijou alifikiri tunakwenda nyumbani, akanilamba mkono, akatingisha mkia ingawa alikuwa bado anatetemeka. Nikamwongoza kwa kamba mpaka kwenye benchi.

"Shika," nikasema.

Akaondoa kiganja. Kijana akavuta pumzi kama mtu anayetoka majini, akakohoa, akageuka, akaanza tena kukoroma. Yule mtu akashika kamba. Hakunitukana tena wala hakunishukuru.

"Nyama yako ilikuwa muzuri, mama," akasema, na wakaondoka upande wa reli.

Bijou aligeuka kunitazama. Nilifunika uso kwa kitambaa changu. Nilipokishusha, hapakuwa na mtu wala mbwa, na lori lilikuwa linapita likimwaga vumbi lake kama kawaida.

Nikarudi mezani kukusanya sahani. Nyama aliyokula ilikuwa kwenye sahani. Yote, hata ile niliyomwona kwa macho yangu akiitafuna na kuimeza. Ilikuwa mbichi, inatoa damu, haijawahi kuona moto. Niite mwongo ukitaka, lakini jirani yangu mama Régine nilimwita akaiona, na alichosema ni kwamba nimeanza kuzeeka, nampelekea mteja nyama mbichi. Sikuthubutu kumpa mtu wala mnyama nyama ile. Niliichimbia shimo nyuma ya nyumba.

Asubuhi, kabla malori hayajaanza, nikafuata alama kwenye vumbi. Za Bijou zilikuwepo, kila mguu na kucha zake. Kando yake zilikuwepo nyingine, pana, za mviringo, bila kucha. Mbwa akitembea hawezi kuficha kucha zake. Chui anaweza. Za viatu sikuona hata moja. Zilikwenda pamoja, bega kwa bega, bila fujo, bila alama ya kuvutwa, mpaka kwenye kokoto za reli, na juu ya kokoto huwezi kufuata kitu.

Kijana mwenyewe alikuwa ameamka jioni ile ile, giza linaingia. Akajinyoosha, akapiga miayo, akaniuliza, "Mama, michopo inabakia?"

Hebu fikiria! Nilitaka kumpiga na koleo la mkaa. Nilimchukia, nakuambia kweli, nilimchukia kwa kuwa hai na kwa kuwa na njaa. Nikasimama pale na koleo mkononi mpaka hasira ikapungua.

"Jina yako nani?" nikamuuliza.

"Kabeya."

"Unatoka wapi, Kabeya?"

"Mwene-Ditu."

"Mama yako iko muzima?"

"Iko."

"Anajua uko wapi?"

Akakuna kichwa, akacheka kidogo. "Anajua niko Kolwezi." Nikakata nyama nyingine, nikaiweka motoni, nikamwambia avute kiti karibu na mkaa, kunaanza baridi.

Unataka kujua kama nimeacha kuuza nyama. Sijaacha. Ningekula nini? Lakini kuchinja simalizi tena bila mkono kutetemeka, na nyama ya mbuzi mwenyewe siiweki mdomoni, nimekuwa kama bibi yangu. Mbuzi wananyamaza nikipita nyuma ya kibanda. Mteja akikaa namuuliza jina na kwao kabla sijamuuliza anataka nini, mpaka wengine wanasema mama amekuwa kama polisi wa mpakani, na wengine hawarudi. Wasirudi. Watoto wa mbwa nimeletewa, nimekataa. Na watani, hao ndio wanaonisikitikia zaidi. Mwaka huu kwenye kilio cha shangazi yangu mtu wa ukoo wa Chui alikuja akashika sufuria, akanitukana vizuri kabisa, watu wote wakavunjika mbavu. Mi nilimwachia sufuria, nikatoka nje. Sikuweza kucheka, na familia imenuna mpaka leo.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, siku mtu atakapokuudhi mpaka ukataka kusema chukua yeyote, mi sijali, ila fulani wangu usimguse, funga kinywa. Geuka kwanza. Angalia nani yuko nyuma yako, amelala, anakukera, na hujui jina lake. Usifikiri utamkumbuka kwa sababu ni mtu. Mi sikumkumbuka, na mi si mbaya kuliko wewe.

Kabeya bado anachimba. Anapita hapa Jumapili, amenawa, amevaa shati. Juzi alichungulia chini ya meza kama vile amepoteza kitu, akaniuliza, "Mama, ile imbwa yako ilienda wapi?" Nikamwambia ilichukuliwa. Alinitazama usoni, na kwa kuwa ni kijana mwema alitaka kunifariji.

"Usilie, mama," akasema. "Ni imbwa tu."

Nikamwambia ale, nyama inapoa.